Kuchunguza Angahewa ya Juu kwa Macho Yasiyotofautisha Kijani na Nyekundu

Swali: "Niko mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya fizikia. Tangu siku niliposoma kwamba anga la usiku hutoa mwanga wake lenyewe, hata pasipo mwezi wala taa za mji, nimekuwa nikitamani kuwa mwanaastronomia anayechunguza angahewa ya juu. Yananisumbua mambo matatu. La kwanza, mhadhiri wangu mmoja anasema mwanaastronomia halisi huiona angahewa kuwa kizuizi kati yake na nyota, kwa hiyo nikifuata njia hii sitakuwa mwanaastronomia wala mtabiri wa hali ya hewa. La pili, ambalo sijamwambia mtu yeyote chuoni, ni kwamba tangu utotoni nashindwa kutofautisha kijani na nyekundu, nami nasoma kwamba kazi yenyewe ni kupima mwanga wa kijani na mwanga mwekundu. La tatu, watu wa nyumbani wananiuliza maswali nisiyo na majibu yake: mtu wa kazi hii analala saa ngapi, anaajiriwa na nani, na anafika wapi maishani? Je, niendelee, au nitafute fani nyingine mapema?"

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza kwa uwazi, na hasa kwa kulitaja lile jambo la pili ambalo hukupata kumwambia mtu. Kama nimekuelewa, unahofia kwamba umeipenda fani isiyo na jina, isiyoyafaa macho yako, na isiyoweza kukulisha. Nitayajibu yote matatu, lakini nitaanza na macho, kwa sababu huo ndio mzigo unaoweza kuutua leo.

Kazi ya kuchunguza angahewa ya juu haifanywi kwa kutazama rangi. Ni kweli kwamba anga la usiku hung'aa lenyewe, na mwanga huo tunauita mng'ao wa angahewa, lakini ni hafifu kiasi kwamba jicho la binadamu haliwezi kuitambua rangi yake. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili: zinazotambua rangi, ambazo huhitaji mwanga wa kutosha, na zinazofanya kazi gizani, ambazo haziwezi kuitofautisha rangi hii na ile. Usiku wa giza tupu hizi za pili ndizo zinazobaki kazini. Mimi macho yangu hutofautisha kijani na nyekundu bila shida, lakini nikisimama mbali na taa na kuutazama mng'ao huo, ninachokiona ni weupe wa kijivu uliotanda juu kidogo ya upeo wa macho, na wewe ukisimama kando yangu utaona kilekile. Zile picha za kijani kilichokolea na wekundu wa kuvutia ambazo pengine ndizo zilizokuogopesha hupatikana kwa kuiacha kamera wazi kwa sekunde nyingi, ili ikusanye mwanga ambao jicho haliwezi kuukusanya.

Kwetu sisi, "mwanga wa kijani" ni jina la mkato la urefu wa wimbi wa nanomita 557.7, na "mwanga mwekundu" ni nanomita 630.0. Mbele ya kamera huwekwa kichungi, yaani kipande cha kioo kilichopakwa matabaka mengi membamba, ambacho hupitisha urefu huo wa wimbi na kuzuia mwingine. Kigunduzi kilicho nyuma yake hupima mwanga uliofika na kuandika tarakimu, na picha inayotoka ni ya kijivu. Vichungi vyenyewe vimeandikwa namba pembeni. Katika maabara niliyojifunzia tulikatazwa kabisa kuvitambua kwa kuvitazama, kwa sababu hata mwenye macho makamilifu anaweza kukichanganya kichungi cha 630.0 na cha jirani yake kinachopima mwanga wa kawaida wa anga ili uondolewe katika hesabu. Unasoma namba, unaitamka kwa sauti, mwenzako anaiandika kwenye daftari. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila usiku.

Wala hutakuwa wa kwanza kuingia katika mambo haya ukiwa na macho ya namna hiyo. John Dalton, mwanasayansi Mwingereza anayekumbukwa kwa nadharia yake ya atomu, alianza mwaka 1787 kuandika kumbukumbu za hali ya hewa, akaendelea nazo hadi alipofariki mwaka 1844. Alivutiwa sana na aurora, ile mianga inayocheza angani karibu na ncha za Dunia, akajaribu kukadiria kimo chake na kuihusisha na sumaku ya Dunia. Huyuhuyu Dalton ndiye aliyeeleza mwaka 1794, mbele ya wenzake wa Manchester, kwamba yeye haoni rangi kama watu wengine. Aliacha wosia kwamba macho yake yachunguzwe baada ya kifo chake, na karne moja na nusu baadaye, mwaka 1995, vinasaba vilivyopatikana katika mabaki ya macho hayo vilionyesha kwamba alikosa kile kipokezi kinachohisi zaidi mwanga wa kijani. Mtu huyo aliitazama aurora maisha yake yote na akasema mambo ya maana kuihusu.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba hali hiyo haitakugusa popote. Itakugusa katika mambo madogo ya kila siku. Nyaya za umeme hutambulishwa kwa rangi, na taa ndogo za mitambo hugeuka kutoka nyekundu kuwa kijani kukuonyesha kwamba kitu kiko salama. Hapo usikisie kamwe, mwombe mwenzako athibitishe au utumie kipimo. Grafu nyingi za fani yetu zimechorwa kwa rangi zote za upinde wa mvua, jambo ambalo kwa maoni yangu ni desturi mbaya hata kwa wenye macho mazuri, kwa kuwa huonyesha mipaka mikali mahali ambapo data hubadilika taratibu. Programu za kuchorea grafu zina mpangilio mwingine wa rangi, unaotoka giza kwenda mwangaza kwa hatua sawa. Utumie huo, na usione haya kumwomba mwandishi mwenzako achore upya mchoro usiousoma.

Kuna jambo moja la macho ambalo haliwezi kumalizwa kwa maandishi. Nenda kwa daktari wa macho ukapimwe rasmi, hata kama una uhakika na hali yako. Hali ya kurithi haibadiliki, na huyaathiri macho yote mawili kwa namna moja. Ukiona kwamba rangi zimeanza kufifia hivi karibuni, au jicho moja linaona tofauti na lingine, au unapata shida ya kutembea gizani kuliko zamani, usingoje, kwa maana hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa retina au wa mshipa wa fahamu wa jicho, na baadhi ya magonjwa hayo hutibika yakiwahiwa. Miwani inayouzwa kwa ahadi ya kurudisha rangi hubadilisha tofauti kati ya rangi fulani na kuwasaidia baadhi ya watu kidogo, lakini haileti kipokezi ambacho hakipo, kwa hiyo usiifanye kuwa sharti la kuendelea na masomo yako.

Sasa nije kwa mhadhiri wako. Hakukosea kabisa. Mwanaastronomia anayetafuta galaksi za mbali kwa mwanga wa infraredi, yaani ule usioonekana kwa macho ulio ng'ambo ya wekundu, husumbuliwa kweli na mng'ao unaotoka kwenye molekuli za hidroksili, kilomita 87 hivi juu ya vichwa vyetu, na hutumia jasho jingi kuuondoa katika vipimo vyake. Lakini mwanaastronomia huyohuyo, akitaka picha isiyotikiswa na msukosuko wa hewa, hurusha leza ya nanomita 589 hadi kilomita 90 hivi, ambako kuna tabaka jembamba la atomu za sodiamu, akalifanya ling'ae kama nyota ya bandia, kisha akairekebisha darubini yake kwa kuifuata nyota hiyo. Sodiamu hiyo imetoka wapi? Imeachwa na vimondo vilivyoungua huko. Vumbi la angani huingia kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde, huungua kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 120, na metali zake hubaki zikielea. Anayeichukia angahewa ya juu anaitegemea kila usiku, na kuna mtu aliyelazimika kuichunguza kabla yake.

Historia nayo iko upande wako. Sydney Chapman, ambaye nadharia zake za mwaka 1930 na 1931 zilieleza jinsi ozoni inavyoundwa na jinsi Jua linavyozalisha tabaka la chembe zenye chaji, alianza kazi mwaka 1910 katika Kituo cha Kifalme cha Unajimu cha Greenwich, na huko ndiko alikokabidhiwa vipimo vya sumaku ya Dunia vilivyomvuta maisha yake yote. Alipoongoza kamati ya kimataifa ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958, alikuwa anakaribia miaka 70, na bado alikuwa akiandika. Fred Whipple wa Harvard aliijua hewa ya juu kwa kupiga picha vimondo. Kimondo kimoja kilipigwa picha kutoka vituo viwili, na mbele ya lenzi kulikuwa na pangaboi dogo lililoukata mstari wa mwanga vipande vipande. Kwa kulinganisha urefu wa vipande, alijua jinsi kimondo kilivyopungua kasi, na kwa kupungua huko alijua wingi wa hewa iliyokizuia. Hapakuwa na roketi. Kulikuwa na kamera mbili, saa nzuri na hesabu.

Ninayempenda zaidi ni Luigi Jacchia, na nitakaa kwake kidogo kwa sababu maisha yake yanajibu swali lako la kwanza na la tatu kwa pamoja. Alizaliwa Trieste mwaka 1910, akawa mtaalamu wa nyota zinazobadilika mwanga huko Bologna, kisha sheria za ubaguzi za utawala wa Kifashisti zikamlazimisha kuihama Italia. Huko Marekani aliendelea na nyota, akaingia katika kazi ya vimondo pamoja na Whipple, na baada ya Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu, kurushwa tarehe 4 Oktoba 1957, akaanza kufuatilia jinsi setilaiti zinavyoporomoka. Angalia kwamba ujuzi ulikuwa uleule. Mtu aliyezoea kutafuta ruwaza katika mwanga wa nyota unaopanda na kushuka aliona kwamba mwendo wa setilaiti nao unazuiwa kwa nguvu inayopanda na kushuka, na kwamba mabadiliko hayo yanafuata hali ya Jua, pamoja na kujizungusha kwake kwa siku 27 hivi. Hewa ya juu ilikuwa inapumua kwa amri ya Jua. Kutokana na kazi hiyo alijenga vielelezo vya wingi wa hewa ambavyo vilitumiwa na wahandisi wa vyombo vya anga kwa miaka mingi. Ukimuuliza mtu kama huyo alikuwa mwanaastronomia au la, sioni jibu jingine ila ndiyo: alichunguza kile ambacho nyota moja, Jua, huifanyia sayari iliyo karibu nayo.

Hapa ndipo penye fizikia yenyewe, na ningependa uielewe vizuri kwa sababu watu wengi huikosea. Huambiwa kwamba juu ya kilomita 100 kuna utupu. Si hivyo. Kwenye kilomita 400, ambako Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka, hewa ni nyembamba kuliko tunayoivuta kwa mamia ya mabilioni ya mara au zaidi, lakini chombo kinachokwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde hukutana na nyingi kila dakika, hata kituo hicho kisiposukumwa na injini hushuka pole pole. Huambiwa pia kwamba huko juu kuna joto la kuunguza, kwa sababu vitabu vinaandika nyuzi 1,000. Halijoto hupima kasi ya chembe mojamoja, na chembe za huko zina kasi kubwa kweli, lakini ni chache mno kiasi kwamba haziwezi kukupasha joto. Tabaka hilo, themosfia, hupata nguvu zake kutoka kwenye mionzi mikali ya urujuanimno ya Jua. Mionzi ikiongezeka, hewa hupanuka na kupanda juu, na setilaiti inayopita mahali palepale hukuta hewa nzito kuliko jana. Kituo cha anga cha Marekani, Skylab, kilianguka Julai 1979, mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa Jua lilichangamka kuliko makadirio. Februari 2022, setilaiti 49 za Starlink, mtandao wa intaneti wa kampuni ya SpaceX, zilirushwa na kuachwa kwenye kimo cha chini zikisubiri kupandishwa. Dhoruba ya sumaku ambayo haikuwa hata kubwa iliipandisha hewa, na karibu 40 kati yake zikapotea.

Zile rangi mbili zilizokutia hofu nazo zina habari ya aina hiyo ndani yake. Mchana Jua huvunja molekuli za oksijeni kuwa atomu, na usiku atomu hizo hukutana na kuungana tena, nguvu inayotolewa ikafikia atomu nyingine na kuifanya itoe mwanga wa 557.7. Hayo hutokea kwenye kilomita 95 hivi, na atomu iliyochochewa hutoa mwanga wake kabla ya sekunde moja kuisha. Mwanga wa 630.0 ni mvumilivu zaidi: atomu inayoutoa hukaa karibu dakika mbili ikiwa imechochewa kabla ya kuuachia. Huku chini haiwezi kukaa muda huo wote bila kugongwa na chembe nyingine na kunyang'anywa nguvu yake, kwa hiyo mwanga huo hutoka kwenye kilomita 250 hivi, mahali ambapo chembe hukutana kwa nadra. Kichungi kimoja kinakupa habari za kilomita 95, kingine za kilomita 250, na wewe umesimama ardhini. Ukiupima mwanga huo kwa kifaa kinachotambua mabadiliko madogo ya urefu wa wimbi, utajua hata upepo wa huko unavuma kwa kasi gani na kuelekea wapi. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado hilo hunifurahisha.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamivu nililala kwa zamu katika chumba kidogo chini ya kuba ya kamera inayopiga picha anga zima. Saa moja na nusu hivi baada ya giza kuingia, katika picha za 630.0, ulitokea mstari mweusi upande wa magharibi, ukinyooka kutoka kaskazini hadi kusini. Picha iliyofuata ulikuwa umesogea mashariki. Ukaja wa pili, kisha wa tatu, kama kivuli cha vidole vya mkono vikipita juu ya karatasi ya kijivu. Karibu na ikweta ya sumaku, baada ya Jua kutua, sehemu ya chini ya ionosfia, yaani lile tabaka la chembe zenye chaji, huweza kupinduka: maeneo yenye chembe chache za chaji hupanda katikati ya yenye nyingi, mfano wa mafuta yanavyopanda ndani ya maji. Nilichokuwa nikikiona ni maeneo hayo, na kipokezi cha mawimbi ya setilaiti za kuongoza safari kilichokuwa mezani kilianza kupoteza setilaiti moja baada ya nyingine kila mstari ulipozikatiza. Usiku huo ndio ulionifanya nibaki. Na narudia, picha zilikuwa za kijivu.

Nikueleze na upande wa pili. Mwaka uliofuata niliwasilisha kwa msimamizi wangu mawimbi mazuri niliyoyakuta katika picha za siku tatu, baada ya majuma kadhaa ya kuyachambua. Yalikuwa mawingu membamba yaliyomulikwa na mwezi. Laiti ningeandika hali ya anga kwenye daftari kila nusu saa, ningeyajua siku ileile. Kazi hii hudai uandike mambo yanayoonekana hayana maana, usiku baada ya usiku, na anayechoshwa na hilo atateseka kuliko asiyetofautisha rangi.

Kuhusu usingizi, wape watu wa nyumbani habari njema kiasi. Vipimo vya mng'ao hufanyika hasa katika siku ambazo mwezi hauko angani muda mrefu, yaani wiki mbili hivi zinazozunguka mwandamo, na siku hizi kamera nyingi hujifungua na kujifunga zenyewe. Rada za ionosfia hufanya kazi mchana na usiku, na setilaiti hazijui saa ya kulala. Muda wako mwingi utakuwa mbele ya kompyuta, ukiandika programu, ukisafisha data, ukibishana na wenzako kuhusu kosa la asilimia chache. Kutakuwa na vipindi vya kukesha wakati wa kampeni za vipimo, na ukigundua kwamba usingizi haurudi baada ya kampeni kwisha, au kwamba upweke wa kituo cha mbali umeanza kukuondolea hamu ya mambo uliyoyapenda, mwone daktari au mshauri ana kwa ana, usiseme tu ni uchovu wa kazi. Nimewaona vijana wenye vipaji wakilinyamazia jambo hilo hadi likawashinda.

Kuhusu ajira nitakuwa mkweli zaidi ya watakaokusifia fani. Baada ya shahada ya kwanza kuna uzamili wa mwaka mmoja au miwili, kisha uzamivu wa miaka mitatu hadi mitano au zaidi, halafu mikataba ya utafiti ya miaka miwili mitatu, mara nyingi zaidi ya mmoja na mara nyingi katika nchi tofauti. Nafasi za kudumu katika vyuo na vituo vya utafiti ni chache kuliko wanaozitaka, na wengi huzipata wakiwa wamevuka miaka 30, wakati wenzao wa shule wameshajenga na kuoa au kuolewa. Vituo navyo hufa: darubini ya Arecibo, iliyokuwa na bakuli la mita 305, ambayo watu huikumbuka kwa sayari na nyota lakini ambayo William Gordon aliibuni kwanza ili kuichunguza ionosfia, ilianza kazi mwaka 1963 na ikaporomoka tarehe 1 Desemba 2020. Waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya data yake walilazimika kutafuta njia nyingine.

Upande mwingine wa mizani, fani hii ina milango ambayo matawi mengi ya astronomia hayana. Kila anayemiliki setilaiti anahitaji kujua itakutana na hewa nzito kiasi gani, na mashirika ya ndege yanayoruka karibu na ncha za Dunia, watumiaji wa redio ya masafa marefu na wote wanaotegemea setilaiti kujua mahali walipo wanahitaji utabiri wa hali ya ionosfia. Vipo vituo vinavyofanya utabiri huo saa 24, vinavyoajiri watu wa uzamili, bila kusubiri uzamivu. Wanaochunguza sayari za mbali nao wanakuja kwetu kujifunza: chombo cha MAVEN cha Marekani, kilichotumwa kuchunguza jinsi sayari ya Mars inavyopoteza hewa yake, kiliifikia sayari hiyo Septemba 2014, na maswali yake yalikuwa yaleyale aliyoyauliza Chapman kuhusu Dunia.

Jambo ambalo watu wa nyumbani hawatalijua wasipoambiwa ni kwamba maisha ya kazi hii hayahesabiki kwa miaka ya kawaida. Jua hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 11 hivi, na hewa ya juu huufuata. Mtu anayeanza akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na 60 na kitu ataona mizunguko mitatu au kidogo zaidi, na hakuna miwili iliyofanana. Ndiyo maana kipimo cha redio ya Jua cha urefu wa wimbi wa sentimita 10.7, kilichoanza huko Kanada mwaka 1947 na kinachoendelea kila siku hadi leo, ni mali kuliko mitambo mingi mipya. Walioanza kukiandika hawakuwahi kukiona kikikamilika, na wewe utakuta data zao zikikusubiri, kisha utawaachia wengine zako.

Kwa hali yako, ushauri wangu ni uendelee, lakini usijifunge kwa uzamivu sasa. Chukua uzamili wenye takwimu, fizikia ya plazma, yaani gesi yenye chembe za chaji, na uandishi wa programu, kwa sababu hayo yatakufaa ukibaki na yatakufaa ukiondoka. Ukifika mwisho wake utajua kama unaipenda kazi yenyewe au unazipenda picha zake. Uzamivu usio na ufadhili sikushauri kuukubali, hata msimamizi akiwa na jina kubwa, na mtu yeyote anayekutaka umlipe ili akupatie nafasi ya utafiti mwepuke.

Kabla ya hapo, jaribu kazi moja ndogo. Data za mizingo ya setilaiti ziko wazi kwa umma. Chagua setilaiti ya zamani isiyo na injini, inayopita kwenye kimo cha kilomita 400 hadi 500, uchore jinsi kimo chake kilivyoshuka siku kwa siku katika mwezi wa Mei 2024, kisha weka chini yake kipimo cha misukosuko ya sumaku ya Dunia. Tarehe 10 na 11 za mwezi huo kulipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003, na mteremko utauona kwa macho yako hayohayo, kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Halafu uchukue mchoro huo, uende nao kwa mhadhiri anayefanya utafiti wa Jua, ionosfia au plazma, ukae naye ana kwa ana na umweleze ulichokiona, na katika mazungumzo hayo umwambie pia kuhusu kijani na nyekundu. Atakayekuwa msimamizi wako anahitaji kulijua hilo kabla hamjaingia maabara pamoja, na namna atakavyolipokea itakuonyesha kama ni mtu wa kufanya naye kazi kwa miaka mitano.